Mtoto wa Desemba Uwanjani Gombani

Wachukue watoto wawili wa Pemba, mmoja wa Konde, mwengine wa Kengeja. Wa Konde kazaliwa Januari 3, wa Kengeja Desemba 28 ya mwaka huohuo. Siku ya mchujo wa timu ya vijana pale Gombani, kwenye karatasi hao ni rika moja. Uwanjani sivyo. Wakiwa na miaka 12, wa Konde kamtangulia mwenzake karibu mwaka mzima wa kula, kukua na kucheza chandimu. Anamzidi kimo, anamzidi mbio, na mpira wa kugombania huwa wake.

Kocha anamchukua, na kwa alichokiona siku ile hajakosea. Tatizo ni kinachofuata. Aliyechaguliwa hupata mazoezi ya kila wiki, mechi nzito, mwalimu wa kumrekebisha. Aliyeachwa hurudi kucheza na wadogo zake chini ya mikarafuu, na wengine huacha kabisa. Miaka mitatu baadaye wa kwanza kweli ni bora. Pengo la kalenda limeshageuka pengo la ufundi, na kila mtu anaamini kocha alikuwa na jicho.

Ubelgiji iliuonesha ukweli huu vizuri. Hadi 1997 rika la soka la vijana lilihesabiwa kuanzia Agosti 1. Likahamishiwa Januari 1. Faida nayo ikahama, kutoka kwa waliozaliwa Agosti kwenda kwa wa Januari.

Kwetu mazungumzo ya umri huishia kwa vijeba, wachezaji wanaodanganya umri. Tangu 2009 FIFA hupima kifundo cha mkono kwa MRI kuwabaini kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na ni haki. Lakini kipimo hicho hakimsaidii mtoto wa Desemba, maana hapa hakuna aliyedanganya. Na anachokikosa si kidogo: Karume Boys, vijana wa Zanzibar wa chini ya miaka 15, walitwaa ubingwa wa CECAFA nchini Uganda mwaka 2023.

Uholanzi, utafiti uliochapishwa 2017 ulijaribu njia rahisi ya kuondoa upendeleo huu kwa waliozaliwa mapema. Wasaka vipaji walipopewa tarehe za kuzaliwa tu, upendeleo ulibaki. Namba za jezi zilipopangwa kwa kufuata umri, na wao wakajua hivyo, upendeleo ukatoweka: macho yalikumbushwa kila mtoto alipogusa mpira. Jezi za namba Gombani zipo. Zinahitaji vyeti vya kuzaliwa vyenye tarehe za kweli, na mtu wa kuzigawa kwa mpangilio huo kabla ya filimbi ya kwanza.