Zinki ikizidi mwilini, shaba hupungua

Vidonge vya zinki hupatikana katika maduka ya dawa ya Thika na Ruiru bila cheti cha daktari. Wazazi huvinunua kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Watu wazima huvinunua ili kuongeza kinga ya mwili, desturi iliyopata nguvu wakati wa korona. Mara nyingi mzazi huacha dawa mapema mno, naye mtu mzima huendelea nayo muda mrefu mno. Wote wawili wanaweza kuumia.

Zinki ndiyo madini yanayopakwa kwenye mabati ili yasishike kutu, na shaba ndiyo iliyo ndani ya nyaya za stima. Mwili huhitaji yote mawili, lakini kwa kiasi kidogo sana. Mwanamume mzima huhitaji miligramu 11 hivi za zinki kwa siku na mwanamke 8. Shaba haifiki hata miligramu moja. Zinki husaidia mtoto kukua, vidonda kupona na mwili kupigana na maradhi. Shaba husaidia mwili kutumia madini ya chuma kutengeneza damu, na hulinda mishipa ya fahamu.

Kwa mtoto anayeharisha, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo mwaka 2004 ambao Kenya pia inaufuata: maji ya ORS pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa nusu ya kiasi hicho. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Shida ni kwamba kuharisha kwaweza kukoma siku ya tatu, na mzazi akaona hakuna haja ya kuendelea. Haja ipo. Mtoto amepoteza zinki nyingi, na siku zilizobaki ndizo zinazoirudisha na kupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili au mitatu inayofuata. Ikiwa mtoto ana damu kwenye choo, macho yamezama au hawezi kunywa, asisubirishwe nyumbani. Apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa mtu mzima hali ni tofauti. Kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa siku, chakula na vidonge pamoja, ni miligramu 40 za zinki, na kuna chupa ambazo kidonge kimoja tu kina miligramu 50. Zinki inapofika kwa wingi kwenye utumbo, chembechembe za ukuta wake hutengeneza protini inayokamata madini. Protini hiyo hushika shaba kwa nguvu kuliko inavyoshika zinki. Shaba hukwama hapo, na chembechembe hizo zinapobanduka baada ya siku chache, hutoka nayo kwenye choo. Mtu akiendelea hivyo kwa miezi, shaba katika damu hushuka. Dalili zake hupotosha: upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, maambukizi ya mara kwa mara, ganzi miguuni na kuyumba anapotembea. Damu hupona shaba ikirudishwa, lakini mishipa ya fahamu huenda isipone kabisa.

Madaktari wenyewe hutumia ushindani huu kama tiba. Katika ugonjwa wa Wilson, ambao ni wa kurithi, shaba hujaa kwenye ini na ubongo, na zinki ni mojawapo ya dawa za kuizuia isiingie.

Hata hivyo, wakazi wengi wamo katika hatari ya kukosa zinki kuliko kuwa nayo nyingi. Utafiti wa kitaifa wa virutubisho wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa takribani watoto wadogo 8 kati ya 10 nchini walikuwa na upungufu wa zinki. Ugali na githeri vinashibisha, lakini mahindi na maharagwe yana fitati, kemikali inayoishika zinki isifyonzwe. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kumwaga maji hayo husaidia, na uji uliochachushwa ni bora kuliko wa kawaida. Nyama, mayai na omena huongeza zinki. Njugu na maini huleta shaba. Tangu mwaka 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezewe virutubisho, zinki ikiwemo. Mahindi ya kusagiwa mtaani hayana nyongeza hiyo, kwa hivyo anayeyategemea ajitahidi zaidi kwenye kitoweo.

Akina mama wajawazito wanaokula odowa wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad aliandika kuhusu vijana wa Iran waliodumaa, akiwemo mmoja wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10. Walikula mkate usiochachushwa, na baadhi yao walikula udongo. Baadaye ilibainika kuwa zinki ilikuwa sehemu kubwa ya shida hiyo.

Kupima damu si njia ya mkato. Zinki kwenye damu hushuka mtu akiwa na homa au maambukizi, na shaba hupanda wakati wa ujauzito au kwa anayetumia tembe za kupanga uzazi, hata kama mwili hauna tatizo. Kipimo kimoja bila maelezo ya mgonjwa kinaweza kumfanya anunue dawa asiyoihitaji. Anayekwenda kupimwa katika Hospitali ya Thika Level 5, ya Ruiru au kwingineko anashauriwa kubeba chupa za vidonge vyote anavyotumia, vikiwemo vya kujinunulia, na kumweleza daktari amevitumia kwa muda gani.