Kusadikika: Usuli wa Kihistoria na Kisiasa

Riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951. Inasimulia habari za nchi iliyo angani, yenye mfalme aitwaye Jeta na Waziri Mkuu aitwaye Majivuno. Kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Ukiishia hapo, utaiona hadithi hii kama ngano. Sehemu hii itakusaidia kujibu swali moja: kwa nini mwandishi aliufanya ufundishaji wa sheria kuwa kosa kubwa la kumfikisha mtu mbele ya mfalme?

1. Mwandishi na kazi yake

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ilikabidhiwa kwa Waingereza. Mwaka 1926 alianza kazi ya ukarani katika idara ya forodha, na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kwa hiyo, alipoandika Kusadikika alikuwa akila mshahara wa serikali ileile ambayo mtu angeweza kudhani anaisema. Mtumishi wa namna hiyo hakuwa na nafasi ya kusema waziwazi. Miaka miwili baada ya kitabu kutoka, mwaka 1953, serikali iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na chama cha siasa cha Waafrika. Katika mazingira hayo, fumbo lilikuwa ngao ya mwandishi. Nchi ya angani haina gavana wala bendera, na hakuna mtawala anayeweza kulalamika kwamba ametajwa jina.

2. Utawala na mahakama

Waingereza waliitawala Tanganyika kwa kuwatumia watawala wa kienyeji. Utaratibu huo uliimarishwa na Gavana Donald Cameron katika miaka ya 1920. Machifu, maliwali na majumbe walitoza kodi, wakatangaza amri na pia wakasikiliza kesi. Aliyetoa amri asubuhi ndiye aliyemhukumu mvunja amri mchana.

Kwa sheria ya mwaka 1929, rufaa kutoka mahakama za wenyeji hazikwenda Mahakama Kuu. Zilikwenda kwa maofisa wa utawala na hatimaye kwa gavana. Zaidi ya hayo, mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mtu katika mahakama hizo. Mwananchi wa kawaida alisimama peke yake mbele ya mtu ambaye alikuwa mtawala na hakimu kwa pamoja.

Sasa rudi kwenye riwaya. Mshtaki ni Waziri Mkuu, na kesi inasikilizwa mbele ya mfalme. Mshtaki na mwamuzi wote ni watawala, na mshtakiwa analazimika kuomba apewe nafasi ya kujitetea. Katika nchi kama hiyo, mtu anayewafundisha wenzake sheria anagusa mhimili wa utawala wenyewe, kwa sababu ajuaye haki yake hatishiki kirahisi. Ndiyo maana Majivuno anamwogopa Karama ingawa Karama hana silaha.

3. Sauti ya wananchi

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, lakini Waafrika wawili wa kwanza waliingia mwaka 1945, tena kwa kuteuliwa. Uchaguzi wa kwanza wa baraza hilo ulikuja mwaka 1958. Kwa hiyo riwaya ilipotoka, Mwafrika hakuwa na kura ya kumweka wala kumwondoa mtunga sheria.

Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Walisafiri kutafuta mambo ya kuiendeleza nchi yao, na waliporudi na mapendekezo walifungwa. Hapa mwandishi anaonyesha tabia ya utawala wa kiimla: hauadhibu uovu peke yake, bali huadhibu hata wema usiotoka kwake.

4. Tahadhari kwa mtahiniwa

Usichanganye miaka. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kupeleka malalamiko ya Wameru walioondolewa katika ardhi yao. Mambo hayo yote yalitokea baada ya riwaya kutoka. Unaweza kusema kwamba safari ya Kirilo inakumbusha safari za wajumbe sita, lakini usiandike kwamba mwandishi aliichora kutokana nayo.

Vilevile, usiandike tu kwamba Kusadikika ni Tanganyika na Majivuno ni mkoloni. Majina yenyewe yanakuonya. Majivuno ni tabia, na tabia haina kabila wala rangi. Mfalme na mawaziri wa riwaya ni wenyeji wa Kusadikika, hawakutoka ng'ambo. Mwisho wa kesi pia haumwondoi mfalme: Karama anashinda kwa hoja, wafungwa wanaachiwa, na utawala unakubali kurekebishwa. Mwandishi anadai haki na sheria njema zaidi ya kudai kubadilisha mtawala. Hii ndiyo sababu riwaya iliendelea kuwa na maana hata baada ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Kumbuka: historia hueleza riwaya, lakini haichukui nafasi yake. Kila hoja ya usuli iambatanishe na tukio au mhusika kutoka kitabuni. Jibu lenye miaka mingi bila Karama ni jibu la somo la Historia.

Maswali ya kujipima

1. Eleza sababu mbili zilizomfanya mwandishi atumie fumbo badala ya kusema waziwazi.
2. "Kosa la Karama ni elimu." Jadili kauli hii ukihusisha mahakama za wakati wa ukoloni.
3. Onyesha jinsi majina ya wahusika watatu yanavyojenga dhamira ya uongozi mbaya au mwema.