Bibi Zubeda, Mke wa Harun Rashid

Jina la Zubeda si geni majumbani mwetu. Mabinti wengi wa pwani hii huitwa kwalo. Lakini sisi tusomeshao watoto vyuoni tukiwauliza habari za Zubeda yule wa Baghdad, hutujibu kwa hadithi za Alfu Lela Ulela: mke wa Harun Rashid, bibi wa dhahabu na lulu. Mwezi huu tumependa kuwaeleza wasomaji wetu watukufu, wake kwa waume, mambo mawili makubwa aliyoyataka bibi huyu duniani, na mwisho wa kila moja.

Jina lake khasa ni Amatul-Aziz. Babu yake ni Khalifa Mansur, aliyeanza kuujenga mji wa Baghdad mwaka 145 Hijria (762 Miladia). Babu huyo ndiye aliyempa lakabu ya Zubeda, yaani kijidonge cha siagi, kwa weupe na unene wake wa kitoto. Baba yake, Jaafar, alikuwa ndugu wa Khalifa Mahdi aliyemzaa Harun. Na mama yake, Salsal, alikuwa ndugu wa Khaizuran, mama yake Harun. Waliooana mwaka 165 Hijria, basi, walikuwa jamaa kwa kuumeni na kwa kukeni. Harun alitawala tangu mwaka 170 (786).

Utajiri wa bibi huyu ulikuwa mkubwa mno. Hata hivyo, wanahistoria wamesimulia kuwa nyumbani mwake walikuwako vijakazi mia waliohifadhi Kurani, kila mmoja akiwa na sehemu yake ya kusoma, hata sauti iliyotoka katika jumba lile ikawa kama uvumi wa nyuki.

Jambo la kwanza alilolitaka ni maji. Alipokwenda Hija aliona taabu ya mahujaji na ya watu wa Makka, ambako kiriba kimoja cha maji kilinunuliwa kwa thamani kubwa. Akaamrisha chemchemi zilizo nje ya mji zivutwe kwa mifereji, milima ikapasuliwa. Imepokewa kuwa mwangalizi wa mali yake alimwonya juu ya gharama, naye akamwamuru aendelee tu, hata kama kila pigo la shoka lingegharimu dinari nzima. Tena katika njia itokayo Kufa hadi Makka, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja jangwani, akajenga mabirika, visima na vituo vya kupumzikia.

Jambo la pili ni ufalme wa mwanawe, Muhammad Amin. Harun alikuwa na mtoto mwingine, Maamun, aliyemzidi Amin kwa miezi michache, lakini mama yake alikuwa kijakazi wa Kiajemi aliyekufa mapema. Zubeda na jamaa zake wakashikilia mwana wao ndiye atangulie. Harun akakubali, na mwaka 186 (802) akawaandikisha ndugu hao ahadi, ikatundikwa katika Al-Kaaba.

Harun alifariki mwaka 193 (809). Haukupita muda mrefu Amin akaivunja ahadi, akamtanguliza mwanawe mwenyewe. Jeshi lilipotoka Baghdad kwenda kumkamata Maamun, inasimuliwa kuwa Zubeda alimpa jemadari pingu ya fedha, akamwusia asimfunge kwa chuma wala asimtolee maneno mabaya, kwani naye ni mtoto wa Harun. Jeshi hilo likashindwa. Baghdad ikazingirwa zaidi ya mwaka, nyumba zikateketea, na mwaka 198 (813) Amin akauawa.

Watu wakamshawishi mama huyo asimame kudai damu ya mwanawe. Akakataa. Maamun alipoingia Baghdad mwaka 204 (819), Zubeda alimpokea, akamwambia kwamba amempoteza mwana khalifa na amepata badala yake mwana khalifa asiyemzaa. Maamun naye akamheshimu hata alipofariki mwaka 216 (831).

Enyi mama na baba, tulitazame jambo hili kwa makini. Majumba yetu mengi yana watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali. Mama akipigania wa kwake awe mbele, na baba akinyamaza, huwa wanapanda mbegu ambayo hata pingu ya fedha haiwezi kuizuia isiote. Bibi Zubeda hakukosa mapenzi wala huruma. Lakini huruma ilikuja baada ya ugomvi kuwa mkubwa.

Ama maji, hayo yalibaki. Ibn Jubair, msafiri wa Andalus, alipita njia ile mwaka 580 (1184), miaka mia tatu na hamsini baada ya kufa kwake, akayakuta mabirika yakinywesha watu na ngamia, akashuhudia kuwa bila ya wema wake njia hiyo isingepitika. Ufalme alioutafuta kwa mtoto wake haukudumu hata miaka mitano. Maji aliyoyatoa kwa watoto wa watu asiowajua yalinyweka karne baada ya karne, na kila aliyekunywa alimwombea. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie nasi sadaka yenye kuendelea.