Modeli za magari ya zamani: Gari bingwa si lazima lilete faida

MSHINDI wa barabarani si lazima awe mshindi wa dukani. Katika biashara ya modeli za plastiki za magari ya mashindano ya zamani, zipo kampuni zilizopata fedha nzuri kutokana na gari ambalo halikushinda hata mbio moja, na zipo zilizofilisika huku ghala zao zikiwa zimejaa kazi nzuri ya miaka mingi.

Bidhaa yenyewe ni ndogo. Ni boksi lenye vipande vya plastiki, stika na karatasi ya maelekezo. Mnunuzi hukata vipande, huvigandisha kwa gundi na kuvipaka rangi mwenyewe. Gari la urefu wa mita nne na nusu, likipunguzwa kwa kipimo cha 1/24, huwa na urefu wa sentimita 19 hivi. Soko kubwa liko Japani, Ulaya na Marekani, na wateja wengi ni watu wazima wanaonunua kumbukumbu za ujana wao.

Swali linaloamua uhai wa kampuni ni moja tu: kati ya mamia ya magari yaliyowahi kushindana, ni lipi litengenezwe?

Kalibu ndiyo mtaji

Kila kipande hutoka kwenye kalibu ya chuma. Plastiki huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, ikapoa na kutoka ikiwa na umbo la tairi, injini au bodi. Plastiki ya boksi moja ina gharama ndogo. Fedha nyingi huishia kwenye utafiti, michoro na uchongaji wa chuma, na hulipwa karibu yote kabla boksi la kwanza halijauzwa.

Hapo ndipo biashara hii inapotofautiana na ya bidhaa nyingi. Mwenye duka la vitenge akikosea rangi, anaweza kuteremsha bei na kurudisha sehemu ya mtaji. Mwenye kalibu akikosea gari, amebaki na chuma. Kalibu ya Honda haiwezi kugeuzwa ikatoa Ferrari.

Hesabu ya mfano, ambayo si takwimu za kampuni yoyote, inatosha kueleza. Tuseme kalibu imegharimu dola 150,000 na kila boksi linabakiza dola 10 baada ya gharama za uzalishaji. Kampuni inapaswa kuuza maboksi 15,000 ili irudishe fedha zake. Ikiwa gari hilo lina wapenzi 5,000 tu, hasara ni dola 100,000.

Lakini kama gari hilohilo lilishindana likiwa na rangi na namba tofauti, kampuni inaweza kutoa toleo la pili, la tatu na la nne kwa kubadili stika na picha ya boksi. Tuseme kila badiliko linagharimu dola 5,000, na kila toleo linauza maboksi 5,000. Baada ya matoleo matatu bado kuna pengo la dola 10,000. Toleo la nne linaleta faida ya dola 35,000. Faida yote imetoka kwenye toleo la mwisho.

Kwa sababu hiyo, anayechagua gari huanza kwa kuhesabu ni mara ngapi kalibu itaweza kuuzwa upya. Idadi ya vikombe huja baadaye.

Somo la Tamiya

Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilijifunza jambo hili kwa maumivu. Ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, kisha mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari ya kivita Yamato. Ushindani wa bei uliibana na mauzo hayakurudisha gharama za kalibu. Uzalishaji wa plastiki ulisimama.

Kilichoiokoa ni kalibu za mtu mwingine. Tamiya ilipata kalibu zilizokuwa hazitumiki za kitu cha kuchezea, ikazitumia kutengeneza kigari kidogo cha mashindano cha bei nafuu. Kiliuzika kuliko ilivyotarajiwa, na faida yake ikasaidia kugharimia modeli ya kifaru cha Panther iliyofuata.

Mwaka 1967 Tamiya ilitoa modeli ya kipimo cha 1/12 ya Honda RA273, gari la mbio za Formula One, maarufu kama langalanga. RA273 halikushinda mbio hata moja. Honda iliyoshinda Mexico mwaka 1965, ikiendeshwa na Richie Ginther, ilikuwa RA272, na iliyoshinda Monza mwaka 1967, ikiendeshwa na John Surtees, ilikuwa RA300. Lakini kwa mnunuzi wa Kijapani, RA273 lilikuwa gari la nyumbani lililokwenda Ulaya kupambana na wakubwa. Modeli hiyo ilirudishwa madukani mara kadhaa katika miongo iliyofuata.

Mwaka 1976 ikaja Porsche 934. Tamiya ilitaka usahihi kiasi cha kununua Porsche 911 halisi na kuifungua kipande kwa kipande. Gharama zilipanda mno. Ili zirudi, bodi ya modeli hiyo ilitumika pia kwenye gari la umeme linaloongozwa kwa redio. Bidhaa hiyo ya pili ndiyo iliyoifungulia kampuni soko jipya kabisa.

Sigara na magurudumu sita

Kigezo kingine ni matangazo yaliyokuwa yamebandikwa kwenye gari. McLaren MP4/4 ya mwaka 1988, ya Ayrton Senna na Alain Prost, ilishinda mbio 15 kati ya 16. Kwa rekodi hiyo, wengi wangeichagua bila kufikiri. Tatizo ni kwamba rangi zake nyekundu na nyeupe zilikuwa za sigara za Marlboro. Sheria za kudhibiti matangazo ya tumbaku, ikiwamo ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika mwaka 2005, zimefanya maboksi mengi ya magari ya aina hiyo yauzwe bila chapa za sigara. Mteja analazimika kununua stika pembeni kutoka kwa watengenezaji wadogo. Sehemu ya fedha ya mteja huyo inakwenda kwa mtu mwingine.

Linganisha na Tyrrell P34, gari la magurudumu sita, manne madogo mbele na mawili nyuma. Lilishinda mbio moja tu, Sweden mwaka 1976, Jody Scheckter akiwa wa kwanza na mwenzake Patrick Depailler wa pili. Lakini hata mtoto asiyejua langalanga hulitambua kwa mbali, na mdhamini wake mkuu mwaka huo alikuwa kampuni ya mafuta ya Elf. Tamiya imelitengeneza katika vipimo vya 1/12 na 1/20, na limerudi sokoni zaidi ya mara moja. Sura ya kipekee na stika zisizo na kikwazo cha sheria zimelipa kuliko rekodi.

Kalibu moja, rangi nyingi

Gari linalotajwa sana kwa wingi wa matoleo ni Porsche 917. Mwaka 1969 Porsche ilijenga magari 25 ili kutimiza kanuni, na gari hilo likashinda saa 24 za Le Mans mwaka 1970 na 1971. Lilishindana likiwa na rangi nyekundu na nyeupe za Salzburg, bluu na chungwa za Gulf, na mistari ya Martini. Filamu ya "Le Mans" ya mwaka 1971, aliyoigiza Steve McQueen, ikaongeza umaarufu wake.

Hata hapo kuna mtego. Bodi ya 917K ina mkia mfupi, na ile ya LH ina mkia mrefu. Gari la rangi ya waridi la mwaka 1971, 917/20, lina bodi pana zaidi. Stika peke yake haziwezi kugeuza moja kuwa nyingine, bali panahitajika kalibu mpya ya bodi. Mpangaji makini hutenganisha mapema vipande vitakavyotumika kwenye matoleo yote na vile vya toleo moja.

Injini nayo huingia kwenye hesabu hiyo. Injini ya Cosworth DFV, iliyoanza kwa ushindi ndani ya Lotus 49 ya Jim Clark huko Zandvoort mwaka 1967, ilitumiwa baadaye na timu nyingi, zikiwamo McLaren, Tyrrell na Williams. Kampuni inayoichonga vizuri mara moja inaweza kuitumia katika magari mengi.

Magari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yanaleta ugumu mwingine. Yana magurudumu ya spoku nyembamba ambazo plastiki haizitoi vizuri, na watu walioyaona yakishindana karibu wote wamekwisha kufariki. Jina la gari nalo lina mwenyewe. Bila leseni ya kampuni iliyolitengeneza, modeli hiyo inaweza kuishia mahakamani.

Safari Rally nayo imo

Afrika Mashariki imo katika biashara hii kupitia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Hasegawa ya Japani imetoa modeli za kipimo cha 1/24 za Datsun 1600 SSS iliyoshinda mwaka 1970 na Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971, zote zikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Beemax nayo imetoa Toyota Celica ya Safari ya mwaka 1985, mwaka ambao Juha Kankkunen alishinda.

Sababu si mapenzi kwa vumbi la Afrika Mashariki. Datsun 240Z iliuzwa pia kama gari la kawaida la barabarani, na Hasegawa imelitengeneza hivyo pia. Modeli ya Safari ni njia ya kuuza tena sehemu kubwa ya kazi iliyokwisha kulipiwa.

Kwa vigezo hivyohivyo, Peugeot 404 ni mtihani mzuri. Ilishinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland wa Tanzania. Haina mgogoro wa sigara, na wazee wengi wa ukanda huu wanaikumbuka. Lakini wenye kumbukumbu hiyo Dodoma na Nairobi si wanunuzi wa modeli, na wanunuzi wa Paris na Tokyo wana kumbukumbu nyingine. Kumbukumbu isiyokutana na pochi haijawa soko.

Kampuni hufa, kalibu hubaki

Historia inaonyesha kwamba thamani ya biashara hii imo kwenye chuma na jina. Airfix ya Uingereza ilifilisika mwaka 1981, kalibu zake zikanunuliwa na General Mills ya Marekani, na mwaka 1986 zikaenda Humbrol. Mwaka 2006 Humbrol nayo ikaanguka, baada ya Heller ya Ufaransa, iliyokuwa ikiizalishia modeli, kuingia matatani. Hornby ikanunua Airfix na mali nyingine za Humbrol kwa pauni milioni 2.6. Mwezi Januari 2018 kampuni ya Hobbico ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na Revell, iliyokuwa mali yake, ikachukuliwa na wawekezaji wa Ujerumani.

Katika kila anguko waliotoka mikono mitupu walikuwa wenye hisa na wadai. Kalibu ziliendelea kufanya kazi kwa bwana mpya.

Hili linamgusa pia mwekezaji mdogo anayenunua maboksi ya zamani akitarajia yapande bei. Boksi huwa ghali kwa sababu halipatikani. Lakini mradi kalibu ipo na ni nzima, mwenye nayo anaweza kuchapa toleo jipya wakati wowote, na bei ya boksi lililohifadhiwa kabatini ikashuka. Aliyenunua boksi ameweka fedha kwenye uhaba ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Kwa yeyote anayefikiria kuweka mtaji katika bidhaa ya namna hii, iwe modeli au kitu kingine kinachotegemea kalibu, maswali manne yanatosha kuanzia. Je, kalibu itatoa matoleo mangapi? Nani mwenye haki ya jina na nembo? Je, wenye kumbukumbu ndio wenye fedha? Na mshindani akitoa bidhaa hiyohiyo mwezi mmoja kabla, ni kiasi gani cha mtaji kitabaki? Anayekosa jibu la swali la mwisho ni bora asubiri, kwa sababu chuma kikishachongwa hakirudi kuwa fedha.