Milimita Mbili Ndani ya Moyo wa Mtoto

Mtoto ananyonya kidogo, anaacha ziwa aheme, kipaji cha uso kimelowa jasho. Mama anaambiwa ni kifua. Anapewa dawa, anarudi nyumbani mtaa wa Muthangari, na baada ya wiki mbili hali ni ile ile. Mama, mwangalie mtoto ulimi na ufizi. Ngozi yetu nyeusi huficha ubuluu wa damu iliyokosa oksijeni, ulimi haufichi.

Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mmoja hivi huja na kasoro ya moyo. Mojawapo ya zile adimu, inayokadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 20,000, ni kasoro ya Ebstein. Vali ya upande wa kulia, mlango kati ya chumba cha juu na cha chini, hushikamana na ukuta na kukaa chini kuliko mahali pake. Damu huvuja kurudi ilikotoka. Tundu lililo kati ya vyumba vya juu likiwa bado wazi, damu isiyo na oksijeni hupenya humo ikaenda mwilini, ndipo ulimi unapogeuka buluu.

Mwaka 1866 Wilhelm Ebstein aliigundua kwa kupasua maiti ya kibarua wa miaka 19. Ilibidi mgonjwa afe kwanza. Mwaka 1953, mjini Lund, Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliuelekezea moyo mashine ya kutafutia nyufa katika vyuma, na hapo kipimo cha moyo kiitwacho eko kikazaliwa.

Eko ni mawimbi ya sauti tu, haina mionzi. Jeli hupakwa kifuani, kifaa huwekwa chini ya chuchu ya kushoto, na vyumba vinne hutokea pamoja kwenye skrini. Kwa kawaida vali ya kulia hukaa chini kidogo kuliko ya kushoto. Pengo likifika milimita 8 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, hiyo ni Ebstein. Sasa piga hesabu: mwili wa mtoto mchanga ni kama robo ya mita ya mraba. Anayepima anatafuta milimita 2, kwenye moyo unaodunda mara 140 kwa dakika!

Ndiyo maana naona mashine pekee haitoshi. Kutoka Muthangari hadi Hospitali ya Kenyatta si mbali. Ukifika huko, au hospitali nyingine yoyote, muulize anayeshika kile kifaa: umezoea kupima mioyo ya watoto wachanga?