Kinu Kimezimwa, Mbona Bado Kinachemka?

Wasomaji wenzangu, wengi wetu hudhani kinu cha nyuklia ni kama taa: ukibonyeza swichi, kwisha. Sivyo hata kidogo.

Ndani ya kinu, atomu za urani hupasuliwa na nyutroni, na joto litokalo humo huchemsha maji. Hatari ikibisha hodi, fito za kumeza nyutroni huingizwa kwa sekunde chache tu na mpasuko hukoma. Lakini vile vipande vya atomu zilizokwisha pasuka havitulii. Huendelea kutoa miale na joto, na hakuna mtaalamu awezaye kuvikataza. Mara tu baada ya kuzima, joto hilo ni kama asilimia 6 au 7 ya lile la kawaida. Baada ya saa moja, asilimia 1.5 hivi. Utasema ni kidogo. Haya, piga hesabu: kinu nambari 1 cha Fukushima Daiichi, Japani, kilikuwa cha megawati 1,380 za joto. Asilimia 1.5 yake ni kama megawati 20, yaani majiko ya umeme 10,000 ya kilowati 2 kila moja!

Basi maji lazima yazidi kuzungushwa, yabebe joto hilo na kulikabidhi maji ya bahari. Nazo pampu zataka umeme. Hapo ndipo pana kizaazaa.

Tarehe 11 Machi 2011 ardhi ilitetemeka, na vinu 3 vilivyokuwa kazini vikajizima barabara. Umeme wa nje ukakatika, jenereta za dizeli zikanguruma. Dakika 50 hivi baadaye tsunami ikazifunika. Binafsi, kilichonivutia zaidi ni pampu ya kinu nambari 2: iliendeshwa kwa mvuke wa kinu chenyewe karibu siku 3, kisha ikagoma. Maji yakipungua, fueli hupata moto kupita kiasi, na gamba lake la zirkoni hupambana na mvuke likatoa hidrojeni. Hidrojeni hiyo ndiyo iliyolipua mapaa, si bomu la atomu ati. Wafanyakazi wakaishia kupiga maji ya bahari ndani kwa magari ya zimamoto.

Na vinu nambari 5 na 6? Vilikuwa vimezimwa kwa ukaguzi, ila fueli yake bado ilikuwa na joto. Jenereta moja ya kinu nambari 6, yenye kupozwa kwa hewa na iliyowekwa juu kidogo, haikufikwa na maji. Ikavilisha umeme vyote viwili, na kufikia tarehe 20 Machi vikawa vimepoa.