Kuunga mukono muzee aliyeikosoa Israeli: je, ni kumuchukia Muyahudi?

Neno Gaza likitajwa tu katika habari za asubui, telefone ya studio inaanza kulia. Wengine wanatuomba tusiseme neno baya juu ya Israeli, sababu ya ahadi ambayo Mungu alimupa Abrahamu. Wengine wanatukumbusha wazee waliotawala zamani, Mobutu wetu na Nyerere wa Tanzania, waliosema wazi kama Israeli imekosa. Na wanauliza: mutu akiwaunga mukono wale wazee, anakuwa adui wa Wayahudi? Hapa Nyankunde, mahali hospitali ya Kiinjili inajulikana kuliko muji wenyewe, si swali la kucheka nalo. Kuna watu wameacha kusalimiana kisha ibada juu ya hiyo.

Tuanzie kwetu. Mobutu alikuwa rafiki mukubwa wa Israeli. Mwaka 1963, mbele hajakuwa raisi, alifundishwa huko kuruka na parashuti, na kisha Waisraeli walisaidia kufundisha askari wetu. Lakini tarehe 4 mwezi wa kumi 1973, mbele ya mukutano mukuu wa Umoja wa Mataifa kule New York, alitangaza kama Zaire inakata uhusiano na Israeli. Alisema kama mutu akilazimishwa kuchagua kati ya rafiki na ndugu, hawezi kumuacha ndugu. Rafiki ilikuwa Israeli, ndugu ilikuwa Misri. Siku mbili kisha, vita ikalipuka kati ya Israeli, Misri na Siria, na inchi nyingi za Afrika zikafuata njia hiyo ya Zaire.

Wazee wengi wanakumbuka ile siku kwa kiburi. Mimi naomba tuitazame vizuri. Neno la Mobutu lilikuwa juu ya udongo wa Misri, jangwa la Sinai ambalo Israeli ilikamata katika vita ya 1967, kuliko juu ya Mupalestina aliyefukuzwa kwake. Ushahidi ni huu: mwezi wa ine 1982 Israeli ikamaliza kurudisha Sinai kwa Misri, na mwezi wa tano Mobutu akarudisha uhusiano. Inchi kadhaa za Waarabu zilimukasirikia. Lakini Ukingo wa Magharibi wa Yordani na Gaza vilikuwa bado mikononi mwa askari wa Israeli kama mbele. Kwa Wapalestina, hakuna kitu kilibadilika.

Nyerere alikuwa wa namna ingine. Yeye pia alianza na urafiki: Waisraeli walisaidia Tanzania kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Kisha vita ya 1967, akiwa Mwanza kwenye mukutano wa chama cha TANU, alieleza msimamo wake. Alisema kuundwa kwa dola ya Israeli kulikuwa uonevu kwa Waarabu, na mataifa ya dunia yalikubali juu ya mateso ambayo Wayahudi walipata. Lakini, akasema, Israeli sasa iko, na amani haiwezi kuja bila kukubali haki yake ya kuwa. Hapo hapo akaongeza kama Tanzania haiwezi kukubali inchi ipanue mipaka yake kwa nguvu ya vita. Mwezi wa kumi 1973 naye alikata uhusiano, na chama cha Wapalestina, PLO, kilipata ofisi Dar es Salaam.

Ona vile maneno yake yako na pande mbili. Watu wanaomupenda wanachukua upande moja tu, wanaomukataa wanachukua ule mwingine. Nyerere alizibeba zote.

Sasa muweke karibu na jirani yetu wa Uganda, Idi Amin. Huyu alikata uhusiano na Israeli mwaka 1972, mwaka mumoja mbele ya wengine. Kwa macho ya haraka utasema alikuwa upande wa Nyerere. Lakini mwezi wa tisa mwaka ule ule alituma telegramu kwa mukubwa wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, akisifu Hitler kwa kuua Wayahudi. Ile haikuwa tena kukosoa siasa ya serikali. Ilikuwa kushangilia mauaji ya mamilioni ya watu, watoto ndani.

Sisi wa Ituri tofauti hiyo hatuisomi katika kitabu. Mwaka 1999 kule Djugu mambo yalianzia ku mashamba na makaratasi ya konsesyo. Kulikuwa watu wenye majina waliofanya vitu vya kujulikana. Kisha lawama ikatoka kwa wale ikaenda kwa kabila nzima, halafu kwa kabila zingine. Mwezi wa tisa 2002 ikafika hapa Nyankunde, na watu waliuliwa hata ndani ya hospitali, wagonjwa juu ya vitanda, juu ya kabila walilozaliwa nalo. Majina ya makabila siyaandiki hapa, kila mutu anayajua.

Na wale wanaosema Mukristo hawezi kukosoa serikali ya Israeli, wamukumbuke Jimmy Carter, raisi wa zamani wa Marekani, Mubatisti aliyefundisha shule ya Siku ya Mungu miaka na miaka. Mwaka 1978 ni yeye aliyewapatanisha Israeli na Misri. Mwaka 2006, akiwa muzee aliyetoka zamani ku kiti, aliandika kitabu kilichofananisha hali ya Wapalestina katika udongo uliokamatwa na ubaguzi wa Afrika ya Kusini. Watu 14 wa baraza la shirika lake walijiuzulu juu ya kitabu hicho. Hakukirudisha nyuma. Na yeye pia hakukataa Israeli iwe.

Kwa hiyo mutu anaweza kulaumu mauaji ambayo Hamas ilifanya tarehe 7 mwezi wa kumi 2023, na kulaumu pia mabomu yaliyoua maelfu ya watoto Gaza, bila kujipinga mwenyewe. Serikali yetu nayo imebadilika mara nyingi: mwezi wa tatu 2020, Raisi Tshisekedi alitangaza Washington kama atatuma balozi Israeli. Lakini kuna karatasi moja ambayo wanaopiga telefone hawaitaji. Mwaka 1988, Mobutu bado kwenye kiti, Zaire ilitambua dola ya Palestina. Haikuacha kutambua Israeli.